“Nilikuwepo”: kwa nini shabiki hukumbuka vibaya tamasha la zamani na bado hadanganyi

Tarehe 4 Juni 1976, bendi changa ya London iitwayo Sex Pistols ilipiga muziki katika ukumbi mdogo wa Lesser Free Trade Hall mjini Manchester. Tiketi iliuzwa peni 50. Waliouandaa usiku ule walikuwa vijana wawili, Howard Devoto na Pete Shelley, ambao bendi yao wenyewe, Buzzcocks, ilikuwa bado haijawa tayari kupanda jukwaani. Watazamaji walikuwa makumi tu. Hesabu inayotajwa sana ni kama arobaini. Lakini ukiwakusanya wote ambao tangu siku ile wamekula kiapo kwamba walikuwa mle ndani, utahitaji ukumbi mkubwa kuliko ule mara nyingi.

Sababu ya watu kuutaka usiku huo inaeleweka. Peter Hook na Bernard Sumner walikuwepo, nao wakaenda kuanzisha kundi lililokuja kuwa Joy Division. Morrissey, aliyekuja kuimba na The Smiths, alikuwepo. Muziki wa Manchester wa miaka kumi iliyofuata ulianzia, kwa kiasi kikubwa, kwenye viti vichache vilivyokaliwa jioni ile. Kuwepo pale ni heshima.

Ila kuna jambo ambalo wanaowacheka mashabiki hawa hulisahau. Wiki sita baadaye, tarehe 20 Julai, Sex Pistols walirudi katika ukumbi uleule, na safari hii walikuta mamia ya watu. Bendi ileile, chumba kilekile, majira yaleyale ya joto. Mtu aliyehudhuria onyesho la pili akaja kusikia kwa miaka thelathini habari za “ule usiku wa Lesser Free Trade Hall”, anayo kumbukumbu halisi ya bendi halisi katika ukumbi halisi. Tarehe tu ndiyo imehama. Hata Tony Wilson, mtangazaji wa televisheni aliyeshiriki kuanzisha kampuni ya muziki ya Factory, alisimulia kwamba alikuwepo Juni, na madai yake yamebishaniwa mpaka leo.

Waongo wapo, hilo halina ubishi. Lakini uongo ndio sehemu ndogo na isiyovutia sana ya jambo hili. Mashabiki wengi wanaokosea husimulia kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu kumbukumbu ya tamasha haimaliziki kutengenezwa usiku wa tamasha. Huendelea kutengenezwa kwa miongo, na watu wengi huishika mkono.

Yale ubongo unayoyachukua usiku wenyewe

Tuanze na mwili. Taa zinazimika, umati unapiga kelele, ngoma ya miguu inagonga kifua kabla sikio halijatambua wimbo. Adrenalini inapanda, na sehemu ya ubongo iitwayo amigdala inasaidia kulipa tukio hilo kipaumbele katika kuhifadhiwa. Ndiyo maana mtu anaweza kusahau kila kitu cha wiki ile isipokuwa saa mbili za Jumamosi.

Kipaumbele hicho kina gharama yake. Msisimko hukaza kile kilicho katikati ya umakini na kulegeza vya pembeni. Uso wa mwimbaji unabaki. Bendi ya utangulizi inapotea. Wimbo mmoja unabaki mzima. Mpangilio wa nyimbo nyingine kumi na tatu unayeyuka. Tena wanasaikolojia, akiwemo Daniel Kahneman, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba tunapolipima jambo lililopita tunatazama zaidi kilele chake na mwisho wake, huku urefu wake ukihesabiwa kidogo sana. Wanamuziki walilijua hilo kabla ya wanasayansi. Ndiyo maana wimbo mkubwa huwekwa mwisho.

Halafu kuna suala la nini hasa kilisikika. The Beatles walipopiga Shea Stadium, New York, tarehe 15 Agosti 1965, mbele ya watu zaidi ya 55,000, walitumia amplifaya za wati 100 tu, na sauti zao za kuimba zilipitishwa kwenye vipaza sauti vya uwanja, vile vya kutangazia mechi za besiboli. Mayowe ya wasichana yalimeza karibu kila kitu. Ringo Starr, mpiga ngoma wao, ameeleza kwamba enzi hizo alilazimika kuwatazama wenzake wanavyotikisika ili ajue wimbo umefika wapi. Onyesho zima lilichukua kama nusu saa.

Sasa msikilize mtu aliyekuwepo Shea akieleza jinsi gitaa la George Harrison lilivyosikika. Alilisikia? Huenda, kidogo. Lakini onyesho lile lilitengenezewa filamu ya televisheni, na kwa kuwa sauti iliyorekodiwa uwanjani ilikuwa na kasoro nyingi, The Beatles waliingia studio London Januari 1966 wakapiga upya sehemu kadhaa ili zibandikwe juu ya picha. Kwa wimbo mmoja, watengenezaji waliweka tu rekodi iliyokuwa tayari kwenye santuri. Kwa hiyo sauti safi anayoikumbuka shabiki wa Shea inaweza kuwa ya chumba kilichofungwa upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, miezi mitano baada ya yeye kurudi nyumbani akiwa amekauka koo.

Yakini si ushahidi

Hapa wengi hugoma. “Mimi naona kabisa, kana kwamba ni jana.” Na kweli anaona. Tatizo ni kwamba uwazi wa picha na usahihi wa picha ni mambo mawili yanayoweza kwenda njia tofauti.

Asubuhi iliyofuata mlipuko wa chombo cha angani Challenger, Januari 1986, Ulric Neisser wa Chuo Kikuu cha Emory aliwapa wanafunzi 106 karatasi waandike walisikiaje habari ile: walikuwa wapi, na nani, wakifanya nini. Miaka miwili na nusu baadaye yeye na Nicole Harsch waliwaita tena 44 kati yao. Robo nzima walikosea kila kipengele kikuu. Wengi wa waliokosea walikuwa na uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, kwa mwandiko wao, baadhi hawakukubali; waliona kwamba walichoandika siku ile ndicho kilichokuwa na makosa. Ningependa msomaji alikumbuke hilo la mwandiko kuliko takwimu zote za makala haya.

Mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yalitoa jaribio lingine. Jennifer Talarico na David Rubin wa Chuo Kikuu cha Duke waliwahoji wanafunzi 54 siku iliyofuata, kuhusu habari ile na pia kuhusu jambo la kawaida la siku zilezile, kisha wakawahoji tena baada ya majuma kadhaa. Kumbukumbu zote mbili ziliharibika kwa kasi ileile. Tofauti ilikuwa moja: ile ya tukio kubwa iliendelea kuhisiwa kuwa wazi na ya kuaminika, wakati ile ya kawaida iliachiliwa ififie. Kwa maneno mengine, hisia kali huhifadhi uhakika hata pale zinaposhindwa kuhifadhi habari.

Mlipuko na shambulio si tamasha, nakubali. Furaha ina mwendo wake. Hata hivyo, shabiki wa roki ana sababu moja ya ziada ya kuwa hatarini: umri aliokuwa nao. Mtu wa miaka sitini akiulizwa matukio ya maisha yake hutoa mengi kupita kiasi kutoka kipindi cha kati ya miaka 10 na 30. Watafiti hulieleza kwa njia kadhaa. Mambo yalikuwa ya mara ya kwanza, na cha kwanza hakifunikwi na kingine kama hicho. Ndio wakati mtu anajichagulia yeye ni nani, na bendi ilikuwa sehemu ya uamuzi huo. Na kumbukumbu inayojibu swali la “mimi ni nani” hutolewa kabatini mara nyingi kuliko nyingine, na kila inapotolewa inashikwa na mikono ya leo.

Mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa Chuo Kikuu cha Cornell waliongeza jambo la kushangaza: vijana wa miaka kama ishirini walikuwa na uhusiano wa pekee na muziki wa ujana wa wazazi wao, miaka mingi kabla wao hawajazaliwa. Nyimbo zilirithiwa sebuleni. Usishangae basi ukimkuta mtu anasimulia tamasha la baba yake kwa hisia ambazo karibu ziwe zake.

Mashabiki wanapokutana

Weka mashabiki watatu mezani, wote waliohudhuria onyesho moja mwaka 1974. Wa kwanza anasema gitaa lilivunjwa mwishoni. Wa pili hakumbuki, lakini linaingia akilini: bendi ile ilivunja magitaa, inawezekana. Wa tatu anasema ndiyo, na kipande kiliruka upande wa kushoto. Mwaka ujao wote watatu wanaliona gitaa likivunjika, na wa pili ndiye anayesimulia vizuri zaidi.

Hili limepimwa. Katika utafiti wa Fiona Gabbert na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, watu walitazama wawili wawili video za tukio moja bila kujua kwamba kila mmoja alionyeshwa tukio hilo kutoka upande tofauti. Kisha wakazungumza. Baadaye, asilimia 71 ya waliozungumza walitaja angalau jambo moja ambalo kwenye video yao halikuwepo. Walikuwa wamelipata mdomoni mwa mwenzao. Ubongo hutunza vizuri kilichojulikana, na hutunza vibaya kilikotoka. Baada ya muda, “niliambiwa”, “niliona kwenye filamu” na “niliona kwa macho yangu” vinakaa chumba kimoja.

Kisa kinachonifurahisha kuliko vyote kinahusu jengo lilelile la Free Trade Hall, miaka kumi kabla ya Sex Pistols, katika ukumbi mkubwa. Bob Dylan, mwimbaji wa Marekani aliyejulikana kwa muziki wa asili, alikuwa akizunguka na mtindo wake mpya: nusu ya kwanza peke yake na gitaa lisilo la umeme, nusu ya pili na bendi iliyojaa umeme na kelele. Sehemu ya mashabiki wake waliiona nusu ya pili kuwa usaliti. Usiku wa tarehe 17 Mei 1966, kabla ya wimbo wa mwisho, sauti ya mwanamume ilipasua ukumbi: “Yuda!” Dylan akajibu kwamba hamwamini mtu huyo, kwamba mtu huyo ni mwongo, kisha bendi ikaingia kwenye wimbo kwa nguvu zote.

Rekodi ya usiku ule ilitoroka na kusambaa kwa miaka mingi kwenye santuri za magendo, zikiwa na jina la ukumbi usio wake: Royal Albert Hall, London. Dylan alikuwa amepiga huko kweli, tarehe 26 na 27 Mei. Jina hilo lilishika kiasi kwamba rekodi ilipotolewa rasmi mwaka 1998, kampuni ililiacha likae kwenye jalada, ila ndani ya alama za kunukuu. Sasa mfikirie mtu aliyekuwa Albert Hall mwezi ule. Amesikia watu wakizomea usiku wake, maana walizomea miji mingi. Kisha kwa miongo mitatu ana santuri mkononi inayomwambia kwamba alikuwepo “Yuda” ilipotamkwa. Ana haja gani ya kudanganya? Santuri imeshamdanganya.

Na yule aliyepiga kelele? Miaka ya 1990 ikielekea ukingoni, wanaume wawili walijitokeza, kila mmoja akisema ni yeye. Inawezekana mmoja alijisingizia. Inawezekana pia kwamba wote wawili walipiga kelele usiku ule, kwa hasira, katika ukumbi uliojaa hasira, na baadaye kila mmoja akaisikia sauti ya kwenye rekodi akaitambua kuwa yake. Mimi naegemea dhana hii ya pili, ingawa sina cha kuithibitisha.

Si kila tofauti ni kosa

Kuna hatari ya kwenda mbali kupita kiasi na kuona kila shabiki amepotoka. Wakati mwingine mashuhuda wanatofautiana kwa sababu walihudhuria matukio tofauti, wakiwa kwenye uwanja mmoja.

Miezi kama kumi kabla ya usiku ule wa “Yuda”, tarehe 25 Julai 1965, Dylan alipanda na gitaa la umeme kwenye tamasha la muziki wa asili la Newport, Marekani. Watu walizomea. Kwa nini? Wapo waliosema ni kwa sababu ya umeme. Wapo waliosema ni sauti mbovu, maneno hayakusikika. Al Kooper, aliyekuwa jukwaani akipiga kinanda, alishikilia kwamba hasira ilitokana na ufupi, kwani Dylan alipiga nyimbo tatu na bendi kisha akaondoka. Pete Seeger, mzee wa muziki ule, alieleza baadaye kwamba kilichomkera ni kutosikika kwa maneno, na kwamba alitamani shoka akate waya.

Usikimbilie kuchagua mmoja. Anayekaa mbele karibu na jukwaa hupigwa moja kwa moja na amplifaya za magitaa, huku sauti ya mwimbaji ikitoka kwenye spika zilizoelekezwa kwingine. Anayekaa nyuma hupata mchanganyiko tofauti kabisa. Mwenye hasira ya umeme, mwenye hasira ya spika na mwenye hasira ya muda mfupi wangeweza kuzomea kwa pamoja, bega kwa bega, na kelele yao ikawa moja. Mzozo wa baadaye ni wa watu wanaodhani kelele moja lazima iwe na sababu moja.

Tamasha la Woodstock ni kinyume chake: watu waliotawanyika wakapewa kumbukumbu moja. Agosti 1969, watu kama 400,000 walifika kwenye shamba la Bethel, jimbo la New York. Ratiba ilichelewa mno, na Jimi Hendrix alipopanda ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, tarehe 18, wakati wengi wa umati walikwisha kufungasha na kuondoka, wakiwa na tope magotini. Filamu ilipotoka mwaka 1970, Hendrix akipiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa akawa ndiye sura ya tamasha zima. Aliyeondoka Jumapili usiku anaweza kumwona Hendrix akilini vizuri kuliko wanamuziki aliowaona kweli. Na Joni Mitchell, aliyetunga wimbo mashuhuri kuliko yote kuhusu Woodstock, hakwenda; alibaki New York kwa ajili ya kipindi cha televisheni, akafuatilia habari kwa mbali.

Je, kanda hutibu ugonjwa huu? Mashabiki wa Grateful Dead wanaweza kutujibu, maana hakuna waliojaribu kuliko wao. Bendi hiyo ilifanya maonyesho zaidi ya 2,300 kati ya 1965 na 1995, iliwaruhusu mashabiki kurekodi, na kuanzia 1984 ikawatengea sehemu maalumu ukumbini pa kusimamisha maikrofoni zao. Onyesho la tarehe 8 Mei 1977, katika ukumbi wa Barton wa Chuo Kikuu cha Cornell (ndiyo, chuo kilekile cha Krumhansl), limetajwa na wengi kuwa bora kuliko yote. Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza rekodi yake kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kitaifa kwa mwaka 2011. Bendi ilipiga vizuri, hilo halipingiki. Lakini pia Betty Cantor-Jackson alilirekodi kwa ustadi mkubwa, na nakala nzuri za kazi yake zikaenea kwa mashabiki. Kilichosikika vizuri baadaye kikaaminiwa kuwa kilipigwa vizuri zaidi siku ile. Kanda inasahihisha orodha ya nyimbo, na papo hapo inapanga upya mapenzi.

Simu za leo zitaleta mkanganyiko wa namna nyingine. Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield aliwatembeza watu kwenye makumbusho, akaona kwamba vitu walivyopiga picha walivikumbuka kwa uchache kuliko walivyovitazama tu. Ila waliovuta picha karibu kwenye sehemu moja ya kitu hawakupata hasara hiyo. Wale walikuwa makumbusho, si mbele ya jukwaa, kwa hiyo tusilikuze. Bado, anayerekodi onyesho zima amejiwekea mapema kile kitakachokuja kuifunika kumbukumbu yake.

Kwa anayetaka kukusanya masimulizi ya mashabiki wa zamani, iwe ni mjukuu au mwandishi, mambo haya yana matokeo ya moja kwa moja. Mhoji kila mtu peke yake kabla hawajakutana. Anza na alikwenda na nani, walifikaje, alivaa nini, alikaa upande gani, kwa sababu mambo hayo hayamo kwenye filamu yoyote, na akiyakosea amekosea mwenyewe. Amini zaidi kiini kuliko tarakimu: kwamba aliiona bendi hiyo, kwamba wimbo fulani ulimliza, kwamba alirudi akiwa na masikio yanayolia. Tarehe, mpangilio wa nyimbo na idadi ya watu vitafute kwenye gazeti la wiki ile na kwenye kipande cha tiketi, kama kimesalia. Akisema alikuwepo Juni na tiketi inasema Julai, andika vyote viwili. Rekodi na video mwekee mwisho kabisa, daftari likiwa limeshajaa, maana akishazisikia hakuna atakayeweza tena kuzitenganisha na alichokuja nacho, hata yeye mwenyewe.